Insha Iliyotuachia Uwanja wa Kona Tatu

Kama ulisoma shule ya msingi miaka ile tuliyosoma sisi, huna haja ya kuniambia insha yako ya kwanza ilianzaje. Naijua. Ilianza hivi: "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu." Haikujalisha umepewa kichwa gani. Insha kuhusu mbwa wako, uti wa mgongo. Insha kuhusu siku usiyoisahau, uti wa mgongo. Kosmas, niliyekaa naye dawati moja, aliandika insha ya harusi ya dada yake, na kabla bibi harusi hajatoka chumbani tulikuwa tumeshapita kwenye pamba, katani na korosho, mazao ambayo Kosmas mwenyewe alikuwa hajawahi kuyaona hata kwa mbali. Na mwisho ulikuwa mmoja kwa nchi nzima: "Kwa hayo machache, naomba niishie hapa."

Sisi tulikuwa watoto wa Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, ambako asubuhi ukungu uliingia darasani bila kupiga hodi na kukaa dawati la mbele. Tulikwenda shule na masweta yaliyotoboka viwikoni, mfukoni plamsi za kijani, yale matunda machachu ya milimani, na chumvi imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Plamsi mbichi kwa chumvi, mwenzangu! Watoto wa leo ukiwapa watakuuliza kama imeoshwa. Sisi tulizila mpaka meno yakafa ganzi, tukashindwa kutamka "shikamoo" vizuri, tukaambiwa hatuna adabu.

Masomo yakiisha, tulikata mgomba uliokwisha kuzaa, tukakalia gogo lake na kuteleza nalo mteremkoni tukipiga kelele. Mama yangu aliishika sketi yangu nyuma, akaingiza kidole kwenye tundu, akauliza, "Hii nilikununulia ya kuvaa au ya kuendeshea?"

Kwa mchezo wa mpira, hata hivyo, mteremko haukufaa. Milimani kwetu sehemu tambarare ni ya kutafuta kwa tochi. Shamba limelala ubavu, nyumba imejishikilia kama kupe, na ukiangusha kiazi mlangoni unakwenda kukiokota kwa jirani. Mahali pamoja tu palikuwa sawasawa: uwanja wa shule. Wavulana walicheza chandimu upande mmoja, wasichana tukacheza rede ya kukwepa mpira upande wa pili, na mpira ukitoka nje kwenye kona ya chini, mchezo ulisimama mpaka mtu ashuke karibu na mtoni kuufuata.

Tulipoingia darasa la saba akaja mwalimu mpya wa Kiswahili. Jina lake Mwalimu Semeni, mwenyeji wa Gairo, nchi ya jua na karanga. Alivaa masweta mawili, juu yake akajitanda kanga, na bado alitetemeka. "Huku kwenu," alituambia siku ya kwanza, "kuna mtu kasahau kufunga friji." Alikusanya insha zetu, akaenda nazo nyumbani, na kesho yake akasimama mbele yetu ameshika kiuno.

"Nimesoma insha za darasa zima," alisema. "Nimelima, nimelima, mpaka uti wa mgongo unaniuma mimi mwenyewe."

Tangu siku hiyo sentensi ile ilipigwa marufuku. Wahenga nao walipigwa marufuku kufungua insha, maana baada ya kilimo kilichofuata kilikuwa ni wahenga. Kisha Mwalimu Semeni akatufundisha kujenga insha kuanzia chini. Utangulizi ni mfupi, unamwambia msomaji unazungumzia nini na umesimama upande gani. Halafu kiini. Kila aya ibebe hoja moja, na kila hoja iwe na mfano wa jambo ulilolishuhudia, siyo ulilolisikia kwenye redio. Aya moja iikabidhi kijiti inayofuata, zisisimame kama watu wasiosalimiana. Hitimisho siyo kurudia yaliyosemwa. Ni kusema, baada ya yote hayo, tumefika wapi. Lakini kabla ya hitimisho lazima kuwe na aya ya anayepinga.

"Mpe nafasi yule asiyekubaliana na wewe," alisema, "aseme kwa nguvu zake zote. Ukimfanya mjinga, msomaji atajua mjinga ni nani."

Kosmas akanyoosha mkono. "Mwalimu, yaani nimsaidie adui yangu kunipiga?"

"Umsaidie, Kosmas. Halafu ujue kukwepa."

Hapo ndipo aliposababisha balaa. Ukiwapa watoto wa darasa la saba silaha mpya, wataijaribu kwa kila kinachopita. Kosmas alichelewa asubuhi moja, akasimama mlangoni na kutangaza kwamba ana hoja mbili za kuchelewa kwake. Hoja ya kwanza, mvua. Mfano, viatu vyake hivi hapa. Hoja ya pili, mbuzi wa maziwa wa bibi yake aligoma kukamuliwa. Mfano, alama ya kwato gotini. "Anayepinga atasema," akaendelea bila kupepesa macho, "kwamba Tekla anakaa mbali kuliko mimi na amewahi. Lakini Tekla hana mbuzi." Mwalimu Semeni akageukia ubao, na mabega yake yakawa yanatikisika. Tukajua siyo baridi.

Mimi niliijaribu kwa mama. Nilitaka ruhusa ya kwenda kwenye ngoma kijiji cha pili, nikasimama karibu na jiko na kuanza utangulizi wangu. Mama alikuwa anasonga ugali. "We mtoto," akasema bila kunitazama, "sema unataka nini, ugali unaungua." Nikarukia kwenye hitimisho. Akasema hapana. Jioni nililalamika kwa Tekla kwamba mama yangu hafuati muundo.

Tekla alikuwa rafiki yangu mkubwa, msichana mpole, mwandiko wake kama umepigwa chapa. Baba yake, Mzee Pius, alikuwa dalali wa mboga. Yeye ndiye aliyewakutanisha wakulima wetu na malori ya Dar, na akitaja bei upande huu wa bonde, upande wa pili watu walimsikia. Na ni Mzee Pius huyohuyo aliyepeleka kwa serikali ya kijiji wazo ambalo lilitutoa machozi: uwanja wa shule ufanywe kituo cha kupakia mizigo, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ambayo lori linaweza kuingia na kugeuza.

Habari ilifika darasani kabla ya kengele ya asubuhi. Tekla aliingia ameinamisha kichwa kama yeye ndiye lori. Kosmas tayari alikuwa na mipango: misumari barabarani, majivu kwenye tangi la mafuta, mbuzi wa bibi yake kufungwa katikati ya uwanja. Tulikuwa bado tunachagua ovu lililo tamu zaidi Mwalimu Semeni alipoingia. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mkutano wa kijiji ni Jumamosi," alisema. "Nitamwomba mwenyekiti awape nafasi. Andikeni insha."

Tuliguna darasa zima. Ndugu yangu, hebu fikiria: unanyang'anywa uwanja, unaambiwa uandike insha!

Tuliandika. Wiki nzima tulibaki baada ya masomo, tukigombana juu ya kila sentensi. Hoja zetu zilikuwa na moto: afya ya watoto, mabingwa wa kesho, hatari ya malori karibu na madarasa. Tulipofika kwenye aya ya anayepinga, Kosmas aliandika: "Anayepinga anapenda hela tu." Mwalimu Semeni akaichana mbele yetu.

"Nani anamjua vizuri anayepinga?" akauliza.

Macho yote yalikwenda kwa Tekla. Alichukua kalamu, akaandika kimyakimya, kisha akasoma. Aliandika kwamba malori yanasimama barabara kuu, mbali chini, kwa sababu huku juu hayana pa kugeuzia. Kwamba masika kabichi huozea njiani. Na kwamba matenga ya mboga hayajipeleki yenyewe; yanashushwa kichwani, kwenye utelezi, na mama zetu.

Nilimfikiria mama yangu. Jioni alikuwa akirudi kutoka barabarani, anakaa kizingitini na kuniambia nimkande shingo kwa maji ya moto. Nilikuwa nimemkanda mara nyingi sana, na hata siku moja sikujiuliza shingo ile inaumwa nini. Niliitazama insha yetu iliyojaa mabingwa wa kesho, nikaona aibu kidogo, na nadhani wengine pia, kwa sababu hata Kosmas aliacha kubisha. Sasa hitimisho letu halikusimama tena. Tungesemaje kwamba mpira una thamani kuliko shingo ya mama?

Ijumaa hatukuwa na hitimisho. Kosmas ndiye aliyelipata, na hakulipata kwa akili bali kwa miguu. Alisema kwenye kona ya chini, pale anapopita kila siku kuufuata mpira, barabara ya kuja shuleni inapinda na kuna tuta kubwa la udongo laini. Tuta likichimbwa na kipande cha kona kikikatwa, lori litageuka bila kuingia uwanjani. Tulikimbia wote kwenda kuangalia, Mwalimu Semeni nyuma yetu ameshikilia kanga zake. Alipapima kwa hatua, akarudi amejaa tope mpaka magotini. "Andikeni," akasema.

Jumamosi watu walijaa. Kosmas, kwa kuwa ana sauti, alipewa utangulizi. Akasimama, akaona wazee wote wanamtazama, na kila tulichoandika kikamtoka kichwani, ingawa karatasi ilikuwa mkononi mwake. Akafumba macho na kusema kwa nguvu, "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu!"

Mwalimu Semeni akajifunika uso kwa kanga. Lakini mkutano ulilipuka kwa makofi. Wakulima watupu pale, unadhani wangefanya nini? Kosmas akafumbua macho, akapata nguvu, akasoma utangulizi halisi kama waziri. Mimi nikasoma hoja zetu. Kisha akasimama Tekla.

Alisoma aya ya anayepinga kwa maneno yaleyale aliyoyasikia nyumbani kwao, mpaka na ule mkato wa baba yake wa "nasema na narudia." Watu wakaanza kucheka. Mzee Pius akainuka kwenye benchi taratibu, na kicheko kikafa. Tekla akaishia katikati ya sentensi. Nikamshika sketi kwa nyuma asikimbie.

"Mbona umeacha?" Mzee Pius akauliza. "Endelea. Hujamaliza kunipinga."

Tekla akasoma yaliyobaki: tuta, kona, mahali lori litakapogeuzia. Alipomaliza, baba yake alikuwa bado amesimama.

"Na nani atalichimba tuta hilo?" akauliza. "Hilo hamkuliandika."

Ilikuwa kweli. Hatukuliandika. Nilimwangalia Mwalimu Semeni, naye akatazama ardhi. Halafu nikasikia sauti ninayoijua ikitoka upande wa akina mama.

"Shikamoo mwenyekiti," mama yangu alisema. "Mimi sijui insha. Hawa wamezunguka sana kabla ya kusema wanachotaka. Lakini matenga nayabeba mimi. Nipeni jembe, Jumatatu niko pale."

Mama mwingine akasema naye atakuja. Kisha mwingine. Mzee Pius akakaa, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema basi chai na mihogo ya wachimbaji ni juu yake.

Tulichimba na wazazi wetu mpaka tuta likaisha. Uwanja ukabaki na kona tatu. Kwenye kona ya nne iliyokatwa, mpigaji kona alipigia nyuma ya lori, na kama tenga la nyanya lilikuwa limepangwa vibaya, refa aliruhusu lihesabiwe kama beki. Mama aliendelea kubeba mizigo, maana shamba ni palepale mlimani, lakini kwa mwendo wa kutoka shambani mpaka shuleni tu. Jioni hakuniita tena kumkanda. Siku nyingine nilimwendea mwenyewe na maji ya moto, akanifukuza.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi mjini Morogoro, na mtoto wa kaka yangu anasoma chuo hapahapa. Juzi alikuja kunisalimia. Shikamoo yake aliitoa macho yakiwa kwenye simu, nikaipokea hivyohivyo nusunusu. Akaniambia ana insha ya kukabidhi siku ileile. Nikamwambia basi fanya, shangazi sikusumbui. Akaiagiza simu imwandikie, na kabla sijamaliza kumenya karanga, insha ilikuwa imekwisha. Nikamwomba anisomee. Kusema haki, ilikuwa nzuri. Utangulizi upo, aya zinashikana mikono, anayepinga amepewa nafasi na amejibiwa kwa heshima. Hakuna hata mstari uliochanwa.

"Umemaliza upesi," nikamwambia. "Na mhadhiri wako atazisoma zote hizo, darasa zima?"

"Hasomi, shangazi. Tunaziweka kwenye kompyuta, yenyewe inasoma na kutoa maksi."

Nikaacha kumenya. "Yaani mashine imeandika, na mashine inasoma?"

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe?"

Akacheka, akaweka simu chini kwa mara ya kwanza tangu aingie, akasogeza kiti na kuchota karanga mkononi mwangu. Mashine zikaendelea kuandikiana huko ziliko, na sisi wawili tukabaki barazani, tunatafuta cha kuzungumza.