Mfuko wa Upepo Nilioufunga

Haya yalinipata kweli. Nisingejizulia aibu hii mwenyewe. Sikuwa nimekunywa, na jua lilikuwa halijazama vizuri.

Miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba, nilikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege hapa Bariadi. Nilifukuza mifugo na kutunza mfuko wa upepo, kile kitambaa cha juu ya mlingoti kinachomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Jirani yangu Shigela alipitisha ng'ombe pembeni kwenda kunywesha.

"Bhabha, funga hilo gauni lako," alizoea kunitania. "Ng'ombe wangu wanaliogopa kuliko fisi."

Naufunga mfuko kwa kamba, akishapita nafungua. Siku ile alipita, nikasahau.

Rubani alikuwa ameshusha mnunuzi wa pamba, anarudi Mwanza peke yake. Tulisimama nyuma ya ghala, pamekingwa upepo. Akatazama mlingoti, mfuko umelala.

"Mzee, upepo umetulia?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka kamba. Niliona aibu. Nikamjibu, "Umetulia, bosi."

Ndege hupaa ikiukabili upepo. Ile ilisukumwa kwa nyuma, ikakimbia mpaka mwisho wa kiwanja, ikanyanyuka kidogo, ikaangukia shamba la pamba. Rubani alikufa. Labda naye alikosea mahali, mimi sijui mambo ya ndege. Kosa langu nalijua. Kabla watu hawajafika, niliifungua kamba.

Wachunguzi waliponiuliza, nilisema mfuko ulikuwa wazi. Basi watu wakasema ni ng'ombe wa Shigela waliokatiza. Nikanyamaza. Alitazamwa vibaya mpaka akahamia Zagayu.

Msimu uliofuata, jioni, niliona mtu anakuja katikati ya kiwanja. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila!" Hakuitikia. Nywele zimejaa pamba. Upepo ulikuwa unanipiga mgongoni, kwa hiyo shati lake lilipaswa kumganda kifuani, sivyo? Lilipepea mbele, kuja kwangu, kama mtu anayesukumwa kwa nyuma.

"Mzee, upepo umetulia?"

Nikainamisha macho. Nilipoyainua, hakuna mtu. Juu ya mlingoti mfuko ulikuwa umefungwa. Tangu Shigela ahame sikuwahi kuufunga. Huenda kuna mtu alinichezea, sikatai. Lakini lile fundo lilikuwa langu.

Kesho yake nilikwenda Zagayu kusema ukweli. Shigela alikuwa amebaki na ng'ombe watatu. Akanipa maziwa, akacheka, "Bhabha, gauni lako bado linapepea?"

Nikasema linapepea. Nikamaliza maziwa, nikaondoka.

Tangu siku hiyo, nikishika njia yoyote, upepo unanisukuma kwa nyuma. Hata ndani, mlango ukiwa umefungwa, nausikia shingoni. Shigela amekwisha kufa, na wajukuu zake bado wanaambiwa ng'ombe wa babu yao waliangusha ndege. Hawakuangusha. Wewe unayesoma, ukiulizwa jambo kama lile, sema ukweli kabla injini haijawashwa. Ikishawaka, utapiga kelele na hakuna atakayekusikia.