Rundo la Udongo Nyuma ya Nyumba

Kila nikiosha viazi vitamu hapa Buffalo, harufu ya udongo hunirudishia hasira niliyomwonea baba mdogo. Nilipokuwa mtoto, baba mdogo alinunua shamba nje ya Louisville, akarundika udongo wa kuzuia risasi nyuma ya nyumba ili afanyie mazoezi ya shabaha. Bibi, aliyekimbia bunduki kule Kivu, akapanda viazi kwenye rundo lile.

"Mama, hapa ni Amerika. Shamba ni yangu!" baba mdogo alifoka.

"Udongo muzuri hivi, unaipiga masasi?" bibi alimjibu.

Bibi alipokwenda Columbus kumsalimia shangazi, baba mdogo alifyatua risasi wiki nzima. Tulipovuna, viazi vingi vilikuwa vimetoboka, vingine vina risasi ndani. Bibi alivichemsha hivyo hivyo, akamwekea mwanawe sahani.

"Kula. Hiyo ndiyo umepanda."

Baba mdogo aliisukuma. Bibi akairudisha mbele yake.