Mbunge wa Chama Kile

Kwetu Burundi, siku ya kuondoa matanga, mwenye neno juu ya marehemu hulisema mbele ya watu. Kisha watu hunywa, hutawanyika, na maombolezo yamekwisha. Mume wangu alipotimiza mwaka tangu afariki tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa letu, mtaa wa Rosettenville, Johannesburg. Mama yake anaishi Amerika kwa binti yake, ambaye ni wifi yangu, na alikuwa ameahidi kusikiliza kwa simu. Mimi nilikuwa na neno moja. Nililibeba mwaka mzima na sikujua kama nitaweza kulitoa mama mkwe akisikia.

Mama mkwe na wifi walipelekwa Amerika kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Mume wangu alikuwa ameshashuka Afrika Kusini kutafuta kazi, hivyo jina lake halikuwa kwenye faili lao. Sisi tuliandikishwa hapa Johannesburg ili tuwafuate. Tulihojiwa mara mbili, kisha faili likanyamaza. Kila tulipopiga simu tuliambiwa bado linachunguzwa. Mama mkwe naye alikuwa anazeeka, na kila Jumapili alimuuliza mwanawe, "Unakuja lini?"

Mume wangu alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi huko Braamfontein. Ghorofa ya tatu kulikuwa na mwalimu wa chuo kikuu, Mkenya, mtu wa kusimama na kuongea. Siku moja nilipompelekea mume wangu chakula niliwakuta wameinamia karatasi. Mwalimu alikuwa amechora nyumba mbili.

"Bunge lao lina nyumba mbili, mzee," alikuwa akisema. "Hii ni ya Wawakilishi. Kila mmoja ana wilaya yake, na kila miaka miwili anarudi kuomba kura. Hii nyingine ni Seneti. Kila jimbo linatoa wawili, liwe kubwa liwe dogo, na hao wanakaa miaka sita. Mswada lazima upite nyumba zote mbili."

"Ukipita moja tu?"

"Umekufa. Na mingi haifiki hata hapo, inafia kwenye kamati. Chama chenye watu wengi ndicho kinachotoa wenyeviti wa kamati. Mwenyekiti asipotaka, mswada unakaa tu."

"Basi ni kama mgeni asiye na miadi," mume wangu akasema. "Anakaa kwenye kiti kile pale. Ananitazama, namtazama, mpaka saa ya kufunga."

Mwalimu alicheka. "Wewe ungewafaa kule. Wangekupa uenyekiti."

"Na yunifomu wangenipa mpya? Hii imeisha magotini."

Kisha mwalimu akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. "Lakini wewe huhitaji mswada. Unahitaji mtu wa kuuliza faili liko wapi. Hiyo ni kazi ya mwakilishi wa wilaya anayoishi dada yako. Ofisini kwake kuna watu wameajiriwa kwa kazi hiyo. Dada yako aende."

Nikauliza, "Huyo mwakilishi ni wa chama gani?"

Mwalimu akatazama simu yake. Mwakilishi huyo alikuwa wa kile chama ambacho kila siku tulisikia watu wake wakisema wageni wamezidi.

"Haijalishi, mama. Akishakaa kwenye kiti ni wa wote, waliompa kura na waliomnyima."

Niliacha shule darasa la sita, na sibishani na mwalimu wa chuo. Lakini sikumwamini.

Nieleze kwa nini. Nilipokuwa mdogo, baba yangu alikwenda ofisini kuomba karatasi ya shamba. Aliyekaa mezani alikuwa wa chama kimoja, na baba alijulikana kuwa wa chama kingine. Karatasi hakupewa. Jina lake tu liliandikwa pembeni, na baada ya wiki mbili tulivuka mpaka na magodoro kichwani. Kwetu unajua kwanza chama cha mtu, ndipo unajua kama ubishe mlango wake au upite kimya. Hilo hatukufundishwa shuleni. Tulilijua kama tunavyojua moto unaunguza.

Wifi alipopiga simu Jumapili ile, mume wangu alimweleza maneno ya mwalimu. Wifi akasema ofisi ya huyo mwakilishi iko karibu na kiwanda anachofanyia kazi, anaweza kupita Jumatatu. Nikachukua simu mkononi mwa mume wangu.

"Wifi, usiende kwa mtu huyo. Ukimpa majina yetu, umempa njia ya kutufungia mlango."

"Hapa si nyumbani, wifi," alisema, lakini kwa sauti ndogo. Na yeye baba yake aliandikwa jina.

"Vyama ni vyama," nikasema.

Mume wangu alinitazama. "Mwalimu anasema si hivyo."

"Mwalimu ana pasipoti," nikamjibu.

Alikuwa mtu wa kuniachia neno la mwisho, na nililizoea.

Nilikuwa nimemwona kwenye simu seneta mmoja wa chama cha pili akitokwa na machozi kwa ajili ya wakimbizi. Alikuwa wa jimbo la mbali kabisa na la wifi. Nikasema tumwandikie yeye. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anatujibu kwa Kiingereza, aliandika barua. Alinikumbusha kwamba hatuna mtu katika jimbo lile. Nikamwambia aandike tu, machozi hayana jimbo.

Ilikuwa majira ya baridi. Jakaranda zilichanua zikamwaga maua, na jibu halikuja. Miezi ile yote ndege zilikuwa bado zinaondoka na watu. Familia moja ya kanisani kwetu iliondoka, tukawaimbia. Mvua za Januari zilipokuja, kule Amerika aliingia rais mwingine, akatia sahihi karatasi, na safari za wakimbizi zikasimama.

Mume wangu alimuuliza mwalimu kwa nini lile bunge lenye nyumba mbili halisemi kitu. Jioni alinieleza, akivua viatu. Bunge lenyewe lilitunga sheria zamani, kwamba kila mwaka rais ashauriane na kamati zao, kisha yeye apange idadi ya watakaopokelewa. Kuibadilisha kunataka sheria nyingine. Kwenye Seneti wakianza kubisha, nusu ya kura haitoshi kuwanyamazisha, zinatakiwa sitini kati ya mia, na siku hizi kila mtu anapiga kura na chama chake. "Umeona," nikasema. "Vyama." Akasema, "Ndiyo. Kwenye kura, si kwenye faili." Mimi sikutaka kuelewa.

Jibu la seneta lilikuja baada ya hapo. Lilikuwa la heshima na fupi. Lilisema ni desturi yao kutoingilia mambo ya wilaya ya mwenzao, ndugu yetu aende kwa mwakilishi wa anakoishi.

Wifi akaenda. Alipokelewa na mama mmoja aliyemkalisha, akampa maji, akafungua faili papo hapo. Chama hakuulizwa. Yule mama akasema ataulizia, ingawa sasa huko juu wanajibu wachache. Akasema pia, bila ubaya, kwamba wangefika mapema kidogo ingekuwa rahisi. Alituma fomu moja, na mwenye faili alitakiwa kutia sahihi kuruhusu habari zake zitolewe.

Wakati huo mume wangu alikuwa hospitali, kifua kimembana. Niliichapisha fomu kwenye duka la intaneti nikaenda nayo saa ya kutazama wagonjwa. Alikuwa amelala, kinyago cha hewa usoni. Nilikaa na fomu mkobani mpaka muuguzi alipotuambia saa imekwisha. Nilisema moyoni, kesho. Alfajiri walinipigia simu.

Siku ya kuondoa matanga watu walisema mema yake. Mwalimu alikuja, akasimulia habari ya mgeni asiye na miadi, watu wakacheka kidogo. Kisha nikasimama, simu imewekwa mezani, mama mkwe akisikiliza. Nilisema yote: Jumapili ile, simu niliyoichukua, barua ya mbali, fomu mkobani. Sikusema kwamba wifi angekwenda mapema mume wangu angefika. Sijui, na mwalimu naye anasema hakuna ajuaye. Nilisema kwamba alikuwa na mlango mmoja wa kubisha na mimi nilimzuia, nikidhani nyuma yake amekaa yule mtu wa ofisi ya baba yangu.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "angeniuliza mimi, ningemkataza pia."

Kisha akauliza kama watu wameshapewa kinywaji. Nikasema bado. Akasema wapewe.

Walipewa, wakanywa, wakaondoka. Fomu iko ndani ya Biblia yake. Mahali pa sahihi ni peupe.