Mstari Ubavuni mwa Gari la Meneja

Kwa miaka kumi na tisa Mama Rangi alikuwa akichanganya rangi katika kiwanda kimoja cha eneo la viwanda, na miaka yote hiyo alikwenda kazini kwa baiskeli. Si kwamba alipenda mazoezi. Basi la wafanyakazi lilifika saa moja na robo, na geti la kiwanda lilifungwa saa moja kamili. Aliyepanga ratiba hiyo hakuwahi kupatikana akaulizwa.

Kazini alisifika kwa macho. Mteja akileta kipande cha kigae, kitambaa, hata jani lililokauka, Mama Rangi alikitazama, akaguna, akatia hiki na kile ndooni, na rangi ikatoka ileile. Ovaroli lake lilikuwa na doa la kila rangi iliyowahi kutoka kiwandani. Mtu mwenye jicho moja, tena lenye vumbi, angemwona akiwa ng'ambo ya barabara.

Ndiyo maana siku lori la saruji lilipomgusa kwa kioo cha pembeni akatumbukia mtaroni, yeye chini na baiskeli juu, kilichomuuma zaidi hakikuwa goti. Dereva alishuka, akamwinua kwa adabu zote, akasema, "Samahani mama, sikukuona."

Kuanguka alikusamehe kabla ya saa nne. Hilo la kutoonekana lilimkaa rohoni mpaka jioni.

Nyumbani mumewe, fundi saa mstaafu na mtu wa maneno machache, alimchemshia maji ya kukanda goti. Wifi yake, aliyekaa upande wa pili wa ua na ambaye habari haikuwahi kumpita, alifika kabla maji hayajapata moto. Akasema ajali haina kinga, umri nao umekwenda, apande basi kama watu wengine. Mama Rangi akamjibu kwamba kinga ipo, ni nafasi ya mita moja tu, ila wenye magari wanaibania kana kwamba wameirithi kwa baba zao.

Mumewe akaweka sufuria chini. "Mita moja kuanzia wapi?" akauliza. "Kwenye mpini au kwenye bega lako?"

Wifi akajua mambo yameharibika. Mtu aliyeishi na sekunde maisha yake yote hasikii kipimo akanyamaza.

Walichukua bomba jepesi la pazia, wakalifunga nyuma ya baiskeli likachomoza upande wa magari. Mumewe alilipima mara tatu. Kwenye shina akatia springi ya saa ya ukutani, ili bomba likiguswa lilale nyuma na kurudi bila kumwangusha mwenye baiskeli. Kwenye ncha wakafunga kitambaa chekundu. Wiki nzima madereva walikicheka kile kitambaa na kukipiga vilevile. Hapo Mama Rangi akakitoa, akafunga sponji, akailowesha kwa rangi aliyoichanganya mwenyewe kwa chokaa na maji: njano yenye kijani kwa mbali, kama ndimu inayoanza kuiva. Rangi ya kutoka kwa kitambaa chenye maji, maana hakutaka dhambi.

Siku ya tatu eneo zima lilikuwa na magari yenye mstari ubavuni. Madereva walilaumiana. Walinzi wa kiwanda cha sabuni waliamua kwamba mstari ule ni alama ya gari lililokwisha kukaguliwa, wakawa wanayafungulia yenye mstari na kuyazuia yasiyokuwa nao. Foleni getini kwao ilifika njia panda.

Siku ya nne Mama Rangi aliitwa maegeshoni. Meneja, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, alisimama kando ya gari lake jeupe, na kando yake mtaalamu wa maabara.

"Shikamoo, mama," alisema meneja. "Tazama hii rangi. Nataka kujua ni nani ananichafulia gari."

Mama Rangi aliinama kuangalia, akaitambua rangi yake. Angeweza kusema hajui, mambo yakaishia hapo. Lakini mtaalamu wa maabara akadakia kwamba yeye ameshaitambua: ni rangi hafifu ya kile kiwanda cha jirani.

Hilo halikumezeka. "Jirani hawawezi kuitengeneza hii hata wakikesha," alisema Mama Rangi.

"Kwa hiyo unaijua?"

"Naijua, bosi. Nimeichanganya mimi."

Akaeleza yote: lori, mtaro, bomba, mita. Meneja alisikiliza, mikono kiunoni.

"Una maana nimekupita chini ya mita moja?"

"Mara mbili. Huu wa juu ni wa juzi. Huu wa chini ni wa leo, tairi langu lilikuwa limepungua upepo."

Meneja alifungua mdomo aseme hakumwona. Akalitazama lile ovaroli, akaufunga. Kisha akaanza kutembea polepole kati ya magari, akihesabu. Magari ishirini na matatu, kumi na manne yana mstari. La afisa usalama kazini lilikuwa na mitatu.

Afisa huyo ndiye aliyeandika barua ya onyo kuhusu "kifaa kisichoidhinishwa", kurasa mbili, na Mama Rangi akaisaini bila kinyongo. Mumewe alilifungua bomba, springi akairudisha kwenye saa. Lakini meneja naye aliandika barua, ya kuomba ruhusa kwa wenye barabara. Majibu yalichukua miezi mitano na yaliruhusu hatua mia mbili tu, kutoka getini hadi njia panda. Hapo ikachorwa njia ya baiskeli, na Mama Rangi ndiye aliyechagua rangi. Baada ya njia panda, kila mtu na Mungu wake.

Wiki ya kwanza zilipita humo baiskeli kumi na moja, na pikipiki nyingi zisizoalikwa. Asubuhi moja lori la tangi la maji lilipunguza mwendo kando ya Mama Rangi, dereva akashusha kioo. Alisema amesikia mama ni bingwa wa rangi, na kwamba mkewe amekataa kila rangi aliyompelekea ya sebule. Mama Rangi alimuuliza dirisha linatazama wapi na makochi ni ya rangi gani. Mazungumzo yalikuwa marefu. Nyuma ya tangi magari yalipiga honi mpaka zikachoka, na wao wakafika njia panda kwa mwendo wa baiskeli, wakiwa wamekubaliana kwamba ataleta kwanza kipande cha pazia.