Maman na sanduku la choo

Jamani, leo nimepata ruhusa na aibu kwa pamoja.

Nimemaliza shule, nataka kushuka mto kwa boti ya mpira, siku kadhaa, katikati ya makorongo ya jangwani. Maman alitaka kwanza azungumze na kiongozi wa safari kwa simu, akaweka spika nisikie.

Kiongozi akaeleza kwamba kule hawaachi uchafu wowote. Hata choo ni sanduku, na linabebwa botini mpaka mwisho.

Maman akanikazia macho.

Nikajua safari imekufa.

"Na nani anabebaka hiyo sanduku?"

"Wasafiri hupokezana, madame."

Maman akacheka mpaka machozi. "Bon, mupeleke! Huyu mutoto, hapa kwetu mutaani Laeken, anakatalaka hata kushusha mufuko ya taka. Alors, sanduku ni yake, kila siku!"

Kiongozi alikubali haraka mno.

Niambieni: hongera au pole?