Upande wa Wasichana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka leo hucheka peke yangu, ingawa asubuhi yake nilikuwa nimelia mpaka macho yakavimba. Ni siku niliyosimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu kule Iyunga, Mbeya, baba yangu mdogo kando yangu ameshika kofia mikononi, nikingoja kuambiwa kwamba mimi Yudita sifai shule na nirudishwe kwetu Iringa. Lakini ili ukielewe kicheko changu, kwanza nikupeleke nyumbani.

Kwetu ni jirani na Kalenga. Miaka ile ya hamsini inaanza, shule yenyewe ilikuwa mbali, nasi watoto tulisomeshwa na mwinjilisti wetu katika kanisa la miti na udongo. Alikuwa na kitabu kimoja tu cha kujifunzia kusoma. Alikiweka juu ya kigoda, katikati yetu. Upande mmoja alikaa yeye na wavulana. Ng'ambo ya kigoda tulikaa wasichana. Hakuna aliyepanga kwa ubaya. Ndivyo hata wakubwa walivyokaa kanisani, wanaume huku, wanawake kule, na kitabu kilimwelekea mwenye kukishika. Mwinjilisti alionyesha maneno kwa unyasi, nasi tukaitikia kwa sauti. Kuandika hatukufundishwa. Haja yake ilikuwa tuweze kusoma Injili kabla ya ubatizo, basi.

Nilikipenda kitabu kile kuliko asali. Kabla unyasi haujafika kwenye neno, mimi nilikwisha kufika. Kulikuwa na picha moja ya jogoo, miguu juu, nami nikadhani amechorwa akingoja kunyonyolewa. Nani angeniambia vingine? Wasichana wote tulimwona hivyo hivyo.

Babu yangu, aliyetulea baada ya baba kufariki, hakupenda habari za shule. Kwake yeye, msichana akijua kulima na kusonga ugali usio na mabonge, imetosha. Tena alikuwa amekwisha kuzungumza na watu wa nyumba fulani juu yangu. Walingoja tu nikue. Ndipo baba mdogo Filipo, aliyefanya kazi ya barabara huko Mbeya, alipokuja likizo, akanisikia nikisoma kanisani. Jioni ile akampigia babu magoti.

"Baba, nipe huyu mtoto akasome kwangu."

Babu akavuta ugoro wake. "Mchukue. Lakini shule ikimshinda, utamrudisha, nami nitafanya ninavyojua."

Nikapanda lori na baba mdogo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mbeya ilinipokea kwa baridi na ukungu ulioshuka milimani hadi mlangoni. Baba mdogo aliwaambia walimu kwa fahari kwamba najua kusoma, wakanitia darasa la pili moja kwa moja. Mwanangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nami nilikwenda kifua mbele.

Shuleni pale kila wanafunzi wawili walikuwa na kitabu chao. Siku ya kwanza mwalimu wetu, kijana mkali aliyenyoosha suruali yake kama karatasi, aliniita nisimame nisome. Nikakichukua kitabu, nikakigeuza vile nilivyozoea kukiona, nikafungua kinywa. Kabla sijatoa sauti darasa zima likaangua kicheko.

"Unanifanyia mzaha?" mwalimu akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kishike kama wenzako, usome."

Nikakishika kama wenzangu. Ee, mwanangu! Maneno yote niliyoyajua yalikuwa yametoroka. Nilichokiona kilikuwa kama siafu waliokanyagwa. Nikatazama ubaoni, huko nako siafu vile vile. Nikainamisha kichwa ubavu, labda yatarudi, wenzangu wakazidi kucheka. Mwalimu akaniambia nikae chini, na kwamba uongo una miguu mifupi.

Utauliza kwa nini sikusema. Ningesema nini? Sikujua kwamba kitabu kina juu na chini. Mimi nilidhani vitabu vya Mbeya ni vya namna nyingine, au kwamba barabarani, lori likirukaruka, kusoma kwangu kulidondoka. Mtoto akikosa jibu hujitungia lake, na lile analojitungia huwa la kumuumiza.

Tangu hapo nilianza kuchukia kitabu. Ukifika wakati wa kusoma, nilikuwa wa kwanza kuomba nikachote maji. Tumbo likaanza kuniuma kila asubuhi, tena kweli, si la kujisingizia. Mama mdogo akanipikia uji wa ulezi, akanipaka dawa, akaniuliza kama kuna mtu ananipiga njiani. Nikasema hapana. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu hata jina lake sikulijua.

Mwishowe mwalimu akampelekea habari mwalimu mkuu: mtoto huyu hasomi, na akiambiwa asome hufanya kiburi. Baba mdogo akaitwa. Asubuhi hiyo, tukiwa njiani, hakunigombeza. Alisema tu, "Yudita, lori la Iringa linaondoka kesho kutwa. Wakikukataa leo, mimi sina la kumwambia babu yako." Hapo ndipo nilipolia.

Mwalimu mkuu alikuwa Mnyakyusa wa makamo aliyeitwa Anyosisye, mpole wa sauti, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Tukamwamkia. Akatukaribisha, baba mdogo akakataa kukaa. Mwalimu Anyosisye akakifungua kitabu mezani, kikimwelekea yeye, akamwambia baba mdogo:

"Ndugu yangu, tazama, hili ndilo somo lililomshinda. Ni jepesi. Linasema hivi..."

Akatafuta mstari kwa kidole. Nami nimesimama ng'ambo ya meza, macho yameinama mezani kwa aibu. Maneno yakaja, mwanangu. Yote yakaja, yamekaa sawasawa kama nilivyoyaacha kwetu, na mdomo wangu ukayasoma wenyewe, kwa sauti ndogo: mama anatwanga mahindi, watoto wanaleta kuni.

Kidole cha mwalimu kikasimama. "Nani amesoma?"

Nikainua mkono kwa woga.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Akafungua ukurasa mwingine, mbele kabisa, ambao darasa letu halijaufikia. Nikausoma. Kisha akakigeuza kitabu, akanisogezea taratibu. "Na sasa?"

Siafu. Machozi yakanijia tena. Akakirudisha kilivyokuwa, nikasoma.

"Ee Kyala, Mungu wangu!" Mwalimu Anyosisye akavua miwani. "Mwanangu, huko kwenu ulipofundishwa, ulikuwa unakaa wapi?"

"Upande wa wasichana, Mwalimu."

"Na kitabu kilikuwa kinatazama wapi?"

"Kilikuwa kinawatazama wavulana."

Alicheka, mwanangu, alicheka mpaka akashika meza. Si kicheko kile cha darasani. Hiki kilinifuta machozi. Baba mdogo, aliyekataa kukaa, alijikuta amekaa. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena, akasema, "Kwa hiyo si mjinga?"

"Mjinga?" Mwalimu akajibu. "Mimi na wewe tungeweza? Huyu amesoma ng'ambo ya mto, akavuka kwa macho." Kisha akaniinamia. "Lakini wewe, binti, nakukemea kwa jambo moja. Umeteseka siku zote hizo, hukumwambia mtu. Kuuliza si ujinga. Siku nyingine kitu kikikushinda, sema namna kinavyokushinda."

Njiani kurudi sikumbuki kama nilikanyaga ardhi. Baba mdogo aliimba wimbo wa Kihehe wa mavuno, yeye ambaye haimbi.

Kazi haikuisha siku ile. Mwalimu Anyosisye aliniambia nikigeuze kitabu kidogo kidogo, kama mtu anavyogeuza hindi motoni, asubiri upande huu uive ndipo ageuze mwingine. Nikasoma kitabu kimelala ubavu, wenzangu wakashangaa, lakini yule mwalimu kijana safari hii aliwanyamazisha, na yeye ndiye aliyekaa nami chini ya dirisha baada ya masomo, akinifundisha kuandika. Mvua zilipokwisha, kitabu kilikuwa kimesimama wima mbele yangu, na jogoo, maana hata hicho kilikuwa naye, amesimama kwa miguu yake.

Habari zilimfikia babu kwa kinywa cha baba mdogo mwenyewe. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Kama alisoma hata kitabu kikiwa kimepinduka, mwacheni asome." Wale watu wa posa wakaambiwa watafute kwingine.

Nilipokua, kusoma kwangu kukageuka tena. Nikiwa mdogo nilisoma ili nisikike. Darasa la nne nilisoma kwa hofu ya mtihani. Mpaka mchana mmoja, nimekaa mlangoni nachambua maharage, kitabu cha hadithi kiko magotini, nikagundua kwamba midomo yangu haitikisiki na bado ninasikia watu wa humo wakizungumza. Nikacheka peke yangu. Mama mdogo akatoka jikoni mbio, akanishika paji la uso, akidhani nina homa. Tangu siku hiyo, mwanangu, sijawahi kuwa mpweke.

Basi neno langu kwako ni hili. Ukiona mwenzako, au mtoto wako kesho, anashindwa na jambo ambalo wengine wanaliona jepesi, usikimbilie kumwita mzembe. Zunguka, ukakae pale alipokaa yeye, utazame kama atazamavyo. Na ukiwa wewe ndiye unayeshindwa, usimeze kilio chako. Kiseme, hata kama hujui jina lake, maana yuko mtu atakayekisikia. Wala usikichukie kitabu kwa sababu ya waliokucheka. Kitabu hakikucheka.

Nenda shuleni, mwanangu. Mungu akupe macho mepesi na walimu wenye subira, na kila mlango wa elimu utakaougonga ufunguliwe na mtu mwenye kukukaribisha ndani. Amina.