Maharagwe ya Mama Annonciata na Mialoni Iliyowahi

Mama Annonciata, mfua mashuka wa hospitali, alishuka kwenye basi mbio mbio, buti zimejaa matope ya vilima vya Lickey, mkononi kitawi cha mwaloni chenye majani mabichi.

"Paramjit! Mulima umeamuka!"

Paramjit, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa akipalilia vitunguu kwenye kishamba kilichopakana na chake, hapo Bordesley Green, huku ughaibuni.

"Leo ni tarehe tano Aprili, Mama Anno. Umeamka, ama unaota tu?"

Kwao Annonciata, milima ya Itombwe, mama yake hakuwa na kalenda. Msitu wa juu ukitoa majani mapya, wanapanda maharagwe. Basi na huku kila mwaka Annonciata hupanda Lickey kuitazama mialoni, akaandika tarehe nyuma ya mlango wa jikoni. Mwaka wa kwanza majani yalitoka tarehe ishirini na sita Aprili. Huu wa tisa, tarehe tano! Moyo ulimdunda kama ngoma ya harusi. Mfukoni alikuwa na konzi moja ya mbegu alizoachiwa na marehemu mama yake. Zikifa hizo, basi tena.

"Joto limedanganya mti," Paramjit akasema. "Jalidi ya Mei, ile baridi inayogandisha umande, haijadanganywa. Ngoja kwanza."

"Muti hausemi uongo, wewe Muhindi wa Kisumu!"

"Haya, Mkongomani mbishi. Ukilia, usinililie mimi."

Akapanda zote.

Tarehe mbili Mei, jioni, miche ikiwa urefu wa kidole, Paramjit akampigia simu. "Anga halina wingu na baridi inauma, jalidi itashuka usiku. Kuja na nguo!"

Nguo gani? Annonciata akawaita wenzake wa kwaya waje na vitenge vya sare.

"Dada, Jumapili tutavaa nini?" Jeannine akalalamika.

"Mutavaa udongo! Kimbieni!"

Wakafunika mstari kwa mstari huku jua likizama, wakicheka, Paramjit akipanga mawe pembeni ili upepo usivipeperushe vitenge.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kama unga. Annonciata akainua pembe ya kitenge. Kijani! Akainua cha pili. Kijani! Vigelegele vikatoka hata majirani wakafungua madirisha.

Kwenye kishamba cha Paramjit, majani ya viazi yalikuwa yameungua kwa jalidi, meusi. Alikuwa amesahau kuvifunika.

"Usicheke," akasema.

"Sicheki, ndugu yangu. Haragwe za kwanza ni zako."

Nyuma ya mlango wa jikoni, chini ya tarehe tano Aprili, akaandika: Jalidi, tarehe tatu Mei. Mwaka kesho, uliza mulima, halafu uliza Paramjit.